Mashine za Chumba cha Kaskazini

Timișoara, 11 Januari 2022

Kaka Petronel,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeufungua bila hata kunipigia. Mimi mzima, kikohozi cha Krismasi kimebaki kidogo tu, kinanishika nikitoka kwenye matangi ya kazini. Magoti ya mama yanaendeleaje? Nyama ya nguruwe mliyoituma kwa basi ilifika salama, isipokuwa ile ya mchuzi ulioganda. Ilimwagikia koti la dereva, naye akanikabidhi mfuko kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Mwambie mama nilikula yote. Habari ya koti mfiche.

Na mbona simu yake haipatikani? Siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe saba, nilipiga mpaka nikachoka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Oktoba kuna mashindano Brașov, na safari hii sitaki kwenda kuwashikia wenzangu taulo. Mchezo wangu unaujua: unachukua kadi ya michoro, ile inayochora picha ndani ya kompyuta, unaisukuma ikimbie kupita kasi iliyopangiwa kiwandani, na ili isiungue unaimwagia nitrojeni ya baridi kali. Nitrojeni ipo kazini, ndiyo tunayohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe, na bosi hanibanii. Kadi ndiyo sina.

Nimezunguka madukani, kaka, ni kinyaa kitupu. Rafu zimebaki na vumbi. Kadi zote zimekwenda kwa wachimbaji wa sarafu za mtandaoni, wanaozifungia ghalani zikokotoe hesabu mchana na usiku mpaka zife. Jana mlanguzi mmoja alinifungulia buti la gari lake kama muuza samaki waliolala juani, akataja bei. Nikamwambia, "Bwana, unauza kadi au figo?" Akacheka na meno yake ya kahawia: "Leo figo. Kesho itakuwa mapafu."

Wewe ulifanya kazi kwenye ghala la vifaa vya umeme kule ughaibuni, Torino, hawa watu unawajua. Ninunue sasa au nisubiri? Wanasema kizazi kipya kinatoka vuli na hizi za sasa zitashuka bei. Na ninunue ipi, ile tunayoiita themanini au kubwa yake, tisini? Nipe akili.

Dada yako,
Sorana

Dealul Mierlei, 6 Februari 2022

Mdogo wangu kipenzi,

Barua yako imetukuta tuko salama. Theluji imefika dirishani. Mama ana nguvu kama jogoo, anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe. Niliiopoa, lakini inanuka kiasi kwamba mtu hawezi kuiweka sikioni. Nitampatia nyingine. Kwa sasa ukiwa na neno niandikie mimi, nitamsomea.

Kuhusu kadi: usinunue! Anayenunua sasa anawanenepesha hao nguruwe wa mjini. Hata mimi wananitia kichefuchefu. Tulia, niachie mimi, nitakutafutia kwa watu ninaowafahamu.

Ila nina swali. Kuna rafiki yangu wa Botoșani, humjui, amejipatia kadi chache za hiyo kazi ya kuchimba. Anauliza zikifanya kazi bila kupumzika, kitu gani huungua kwanza? Na chumba gani kinazifaa? Nimemwambia dada yangu ni bingwa.

Bingwa wa ajabu, lakini. Mwanamke wa miaka thelathini na nne anaimwagia kompyuta baridi ya mbegu za ng'ombe! Siku ukipata mume, sijui atakubali chai yako kwa kikombe gani.

Kaka yako,
Petronel

Timișoara, 20 Februari 2022

Kaka Petronel,

Mume akija atakunywa kwa kikombe chochote nitakachompa. Hapa mvua na matope, ng'ombe wana mafua, bosi naye ana mafua, wote wananipigia chafya usoni.

Rafiki yako mwambie ni kupe. Ndio hao waliofanya watu kama sisi tubembeleze kwenye mabuti ya magari. Ningeweza kunyamaza, ila mashine hazina kosa, na nachukia kitu kizuri kiuawe kwa ujinga. Kinachoungua kwanza ni chipu za kumbukumbu, zile zinazozunguka chipu kubwa ya katikati. Aipunguzie umeme ile ya katikati, haihitaji mwingi kwa kazi yake. Feni zipulize mgongoni pia. Na aziweke chumba cha upande wa kaskazini, kisichopigwa na jua, dirisha likae wazi.

Mimi nimeamua themanini. Tisini ni tofali, na ina chipu za kumbukumbu mgongoni pia. Unaigandisha kifuani huku mgongo unakaangika. Lakini nisicheleweshwe sana. Kadi hutoka kiwandani pacha kwa sura, moja farasi, nyingine punda, na tabia yake huijui mpaka ulale nayo miezi. Aprili naweza kuipata?

Mpe mama simu ya mtu yeyote anipigie, hata ya Shangazi Glafira jirani.

Sorana

Dealul Mierlei, 29 Aprili 2022

Dada Sorana,

Kristo amefufuka!

Samahani kwa ukimya, kazi zimenizidi. Pasaka tuliila vizuri, mayai mekundu, mwanakondoo, mama alikaanga na maini. Shangazi Glafira hatuongei naye siku hizi, ana mdomo mrefu, kwa hiyo habari ya simu yake iache. Jambo la kukufurahisha ni hili: tangu Februari mama hajachanja kuni hata kipande. Nimemtafutia njia ya joto, analala kama mtoto mchanga. Mwana mwingine gani kijiji hiki amefanya hivyo?

Kadi yako ipo njiani kupatikana. Nakuomba sana usiende dukani. Bei inashuka kila wiki, ukinunua leo kesho utajiuma vidole. Subiri Juni.

Yule rafiki yangu anakushukuru. Anasema maneno yako yamekuwa dawa.

Petronel

Timișoara, 8 Mei 2022

Kaka,

Kweli amefufuka.

Njia gani ya joto? Gesi haijafika kijijini, hilo najua. Na magoti yake umeniruka. Mwambie aandike mstari mmoja kwa mkono wake, hata ukiwa na makosa.

Kuhusu kadi, umenifanya kichekesho. Jumamosi Grațian, aliyeshinda Brașov mwaka jana, alinikuta nikichongesha kopo la shaba la kuwekea nitrojeni. "Kopo unalo, supu iko wapi? Bado unamngoja kaka?" Hutema maganda ya alizeti sakafuni akiongea, nilitamani kumfagia pamoja nayo. Lakini nilimjibu kwamba kaka yangu hajawahi kunidanganya. Basi nasubiri Juni, si zaidi.

Sorana

Dealul Mierlei, 3 Julai 2022

Mdogo wangu,

Furahi! Kwa basi la Alhamisi nimekutumia themanini, safi kabisa. Ilikuwa ya msichana wa chuo kule Iași, alikuwa anacheza Jumapili tu, tena kwa adabu. Usinilipe chochote, ni zawadi.

Huku joto limetushika koo, majani ya mahindi yanajikunja. Mama ana mafua ya kiangazi kidogo, anapumzika, hivyo hakuweza kuandika. Usijisumbue kuja, wanachimba barabara.

Petronel

Timișoara, 14 Julai 2022

Petronel,

Natumaini mama amepona. Salamu nyingine sina.

Kifurushi nilikifungua mezani jikoni, nikakifunga tena haraka, nikakipeleka uani. Kati ya yale mapezi ya chuma ya kupozea kulikuwa na vumbi lililolowa mafuta, nene kama blanketi la mbwa. Ndani yake nzi waliokaangwa, na manyoya ya bata bukini. Vile vipande laini vinavyopitisha joto vilikuwa vimetoka jasho la manjano linalonata kama makamasi. Feni moja inakohoa. Msichana wa Jumapili gani huyo? Anafuga bata kitandani?

Niliiosha. Nilitumia pombe ya maabara na mswaki wangu wa zamani, nao nimeutupa. Nikaifunga kwenye kompyuta niione ikikimbia. Ilipopata moto harufu ikatoka, ikajaa chumba kizima: spiriti ya kafuri. Ile anayojipaka mama magotini kabla ya kulala. Kadi ya Iași, kafuri ya kwetu.

Nilichomoa waya, nikaenda kunawa mikono mpaka viwiko. Kadi hii imelala na mama yangu. Niambie kwa nini.

Sorana

Dealul Mierlei, 2 Agosti 2022

Dada,

Maneno yako yameniumiza. Mtu anakupa zawadi, wewe unainusa kama mbwa wa forodha! Kafuri ipo kila nyumba ya mkoa wetu huu wa Moldova. Bata wapo kila nyumba. Labda kijana wa basi aliiweka karibu na mzigo wa bibi fulani.

Mama ni mzima. Usije kwanza, nyumba napaka rangi, utakosa pa kulala. Nitakuambia lini.

Petronel

Timișoara, 24 Agosti 2022

Petronel,

Getini nikiondoka sikutaka kusema nawe, kwa hiyo soma hapa.

Niliposhuka basi Ijumaa, bila kukuarifu, nyumba niliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inanguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye pipa. Shangazi Glafira alikuwa kwenye uzio na beseni lake la maharage. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Umekuja kuzizima au kuziongeza?" Sikumwelewa.

Mama nilimkuta jiko la nje. Umemlaza juu ya mbao, Petronel, kati ya mitungi ya kachumbari na ndoo ya makombo, nzi wanatembea juu ya mkate aliofunika kwa leso. Amekonda mpaka pete imehamia kidole gumba. Ile harufu ya ndoo bado iko kwenye nywele zangu.

"Mama, kwa nini unalala huku?"

"Mashine zina joto, mwanangu. Wakati wa baridi zilikuwa neema, zilikuwa kelele tu. Lakini tangu Juni mle chumbani hata mshumaa wa picha takatifu ya ikoni umejikunja."

"Chumbani kwako?"

"Si ndicho cha kaskazini? Kaka yako kasema ndicho ulichokichagua."

Nilikaa kwenye kizingiti. Nikamuuliza kwa nini hakukuamuru uzizime. Akanishangaa.

"Nizizime zako? Kaniambia umemwomba akutunzie mpaka Oktoba, kwamba zikizimwa zinakufa, na wewe utakosa mashindano. Julai nilipoanguka pale mlangoni wakanipeleka hospitali Botoșani, daktari aliuliza nilikuwa wapi na joto lile. Nikasema nilikuwa napalilia mahindi. Nilihofia wasije wakakuletea maneno."

Hivyo ndivyo ulivyomfanya. Nilikupa ushauri nikidhani ni wa kupe wa Botoșani, kumbe nilikuwa namtoa mama kitandani kwake. Na yeye akavumilia akidhani ni mimi. Ndiyo maana simu nyingine hukumpatia. Tungeongea hata dakika mbili, ungekwisha.

Niliingia. Kutoka mtambo wake wa kufumia nguo hadi ukuta wa ikoni ni kadi juu ya kadi, themanini, tisini, zote zinapumua uvundo. Miezi yote niliyokuwa naulizia moja, ulikuwa nazo ukutani kama soseji. Nilizizima moja baada ya moja kwa mkono, nikijifuta kwenye sketi. Mama alisimama mlangoni akafanya ishara ya msalaba kila feni iliponyamaza.

Halafu wewe ukaingia, na neno lako la kwanza halikuwa "karibu". Ulisema, "Umezima? Unajua umenikatia nini?" Nilikutazama nikaona aibu kwamba tuna pua moja.

Mama yuko kwangu. Ile zawadi yako nimeiacha juu ya mto wako, ilale na wewe. Mimi nimenunua sabini mpya dukani, ndogo, ya daraja la chini, imefungwa kwa karatasi yake ya kiwanda. Inanuka plastiki tu.

Sorana

Dealul Mierlei, 25 Septemba 2022

Dada Sorana,

Salamu nyingi, na kwa mama zaidi. Mimi nipo tu.

Utakuwa umesikia. Ile sarafu niliyokuwa nachimba imebadilisha utaratibu, kadi hazihitajiki tena. Siku moja tu, zikageuka vyuma. Sasa kila mchimbaji anauza, soko limefurika. Wewe ndiye mjuzi: niuze sasa au ningoje kizazi kipya kitoke? Nianze na tisini au themanini? Na kama ungekubali kuziosha, zingeonekana za watu wastaarabu, tukagawana.

Sikutaka mama adhurike. Februari alikuwa na joto, hilo ni kweli, muulize. Nilirudi kutoka Torino mikono mitupu, na kila niliyekutana naye dukani aliniuliza nimeleta nini. Kila mmoja. Wewe hujui.

Nyumba imenyamaza sana.

Petronel

Timișoara, 16 Oktoba 2022

Petronel,

Mama anakula vizuri na ameanza kushuka ngazi bila fimbo. Chumba changu ni kidogo, tunalala miguu kwa kichwa, anakoroma kama trekta.

Kuhusu kuuza, jibu ni moja. Uza ovyo unavyotaka, kwa bei ya vyuma, na kila mnunuzi mwambie zilikuwa wapi na zilifanya nini. Kuziosha sitaziosha. Yale mafuta yalishaingia kwenye kucha zangu mara moja, yanatosha.

Brașov nilikwenda naye, hakutaka kubaki peke yake. Sabini yangu ni farasi, Petronel. Kadi ndogo ya dukani, lakini mzunguko wa kwanza ilikimbia mpaka Grațian akaacha kutafuna. Nilikuwa wa pili. Mzunguko uliofuata meza zote ziliwasha kwa pamoja, feni zikanguruma ukumbi mzima. Nikahisi sketi inavutwa. Mama alikuwa ameinuka kitini, jasho linamtoka, uso mweupe kama chokaa.

"Zimeletwa na huku?" akaniuliza.

Mkono wangu mmoja ulikuwa na chupa ya nitrojeni. Niliiweka chini, nikamtoa nje, tukakaa kwenye benchi la kituo cha basi mpaka akapumua sawa. Niliporudi nitrojeni ya kopo ilikuwa imekwisha, joto limerudi, kadi imelowa umande, imekufa. Grațian amechukua kikombe. Alikuja kunipa mkono, nao ulikuwa na mate ya alizeti, nikaupokea.

Yanayofuata si yangu. Mama ameketi hapa mezani. Bila miwani hawezi kusoma, lakini anaona kama kalamu inatembea, na tangu Jumatatu ananiambia niandike. Nimemkatalia mara mbili. Nilimwambia ulichofanya, chote, hata habari ya Iași. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta meza, akasema, "Haya, andika."

Anasema blanketi zito la sufu liko kabatini, rafu ya juu. Ulianike upeponi, usilianike juani. Kuni za mwaloni ziko nyuma ya banda, chanja za kutosha wiki nzima kwa sababu sasa nyumba itakuwa baridi. Bomba la jiko lisafishe kabla hujawasha, ndege huwa wanajenga humo. Bata bukini wafungie mapema, mbweha wameanza.

Mimi ningekuacha uhisi baridi. Nataka ulijue hilo, kwa mwandiko wangu.

"Umeandika?" ananiuliza.

"Nimeandika, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa muulize anakula nini."

Nimeiweka kalamu chini, nikaenda dirishani, nikarudi. Bado ananitazama mkono.

Unakula nini, Petronel?

Sorana